Nilificha Sura, Nikaacha Kikohozi

S.L.P. 216,
Makambako,
Njombe.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Silvanus,

Kamwene! Hujambo, pamoja na wifi Irine na watoto? Huko Mtwara najua mnalala na feni. Sisi baridi ya Juni imetubana, hata kuoga ni mpaka ujikaze. Mwili wangu mzima, moyo ndio haujatulia.

Kaka, ile video ya moshi wa kuni niliyoweka Facebook mwezi wa nne, uliyoisambaza ukaandika "Hongera dada yangu mtafiti", yule mama anayekoroga maharage ni mama yako.

Tulikuwa tumemaliza utafiti wetu wa moshi wa jikoni na vifua vya akina mama. Tukaitwa Njombe kufundishwa namna ya kupeleka majibu mtandaoni: lugha nyepesi, jina lisitajwe, sura ifichwe, na mhusika asomewe fomu kisha atie sahihi. Wengine wote niliwasomea. Kwa mama yako, mama mkubwa wangu, nikaona aibu. Nimsainishe mama aliyenilea, kama mgeni? Nikamwambia tu nampiga picha kidogo, akacheka, akaendelea kupika.

Sura niliificha. Kikohozi nikakiacha.

Mtaa mzima unakijua kikohozi kile. Wapakiaji wa mbao wanaokula kwake walikisikia kwenye simu zao, na maelezo yangu kwamba ni moshi, na kwamba moshi hauambukizi, hakuna aliyeyasubiri. Ikawa Mama Telesia ana kifua kikuu, anakoholea maharage. Wiki ya pili mabenchi yakabaki matupu. Amepimwa, hana, lakini nani anaomba cheti kwa mama lishe? Anayeogopa anahama tu.

Wewe hukukitambua kikohozi kile kwa kuwa kilianza baada ya wewe kuondoka. Sikulaumu hata kidogo, kosa ni langu. Video nimeifuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki, bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimpelekea ile fomu. Nilitaka turekodi nyingine, aseme mwenyewe kwamba ni mzima. Nikamsomea mstari kwa mstari, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sikubali," akasema.

Nikalia, kaka, mtu mzima mimi. Akaningoja ninyamaze.

"Ile ya kwanza ningekubali, Prisila. Ungeniuliza tu."

Kisha akanipakulia. Nilikula peke yangu kwenye benchi la watu wanane.

Alikuwa amenikataza nisikwambie. Jana nikamwendea tena, nikamsomea barua hii mpaka hapo juu kabla ya kuituma. Amekubali ije, ila amesema usimpigie simu kwa hasira, na usiache kazi ukapanda basi. Nilipomaliza kusoma kikohozi kikambana. Akageuka ukutani, akaziba mdomo kwa kitenge, akachungulia kwanza kama nimeshika simu.

Nisamehe, ukiweza.

Msalimie wifi, na mwambie Jasmine shangazi yake anamkumbuka. Mjomba Lenard na Dorosela wanawasalimu. Mungu awafunike huko mliko, naye asiniache na huku.

Dada yako akupendaye, hata leo anapoona haya kukuandikia,

Prisila