Shimo Jeusi na Mkamwana Wangu

Trondheim, Norwei
9 Machi 2025

Kwako dada yangu Atupakisye,

Mugonile, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua wakati wa kupanda viazi limetulia. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Theluji bado ipo, na tangu niondoke Lupepo nikiwa kijana sijazoea jambo moja: inaanguka bila sauti. Mtu aliyekulia chini ya bati la Rungwe hupata shida kulala bila kelele za mvua.

Nakuandikia kuhusu Hellen, mke wa mwanangu Jairo. Usishtuke, ndoa yao ni salama. Ni jambo la kazi, na mwenye kuliamua ni wewe. Jairo ulimlea wewe baada ya mama yake kufariki, na siku ya harusi wewe ndiye uliyesema Hellen atamwogopa baba mkwe wake kama mama yetu alivyomwogopa babu: asikae naye, asimtazame, asizungumze naye uso kwa uso.

Wajua kwamba mpaka leo nahangaika na mashimo meusi, yale masalia ya nyota kubwa ambayo hata mwanga ukiingia hautoki. Watu hudhani ni ya baridi kabisa, kumbe yana jotoridi na huvujisha joto kidogo kidogo. Ajabu yake ni hii: shimo dogo likipoteza joto halipoi, bali linazidi kuwa moto, kama sufuria uliyoiipua ikaendelea kuchemka zaidi na zaidi mbali na jiko. Shimo kubwa, katika anga la kihesabu lililofungwa pande zote, lina tabia ya kawaida: likipoteza joto, linapoa. Swali langu lilikuwa moja. Tukijaza anga hilo joto tupu na kuzidi kulipasha, shimo kubwa linazaliwaje? Linakua polepole kutoka dogo, au hali inageuka kwa mkupuo, kama maji yanavyogeuka mvuke? Mimi niliandika kwamba linakua polepole.

Hellen anafundisha fizikia sekondari pale Kiwira na ana shahada ya pili, kwa hiyo nilimtumia hesabu zangu. Nikipiga simu ya video, Jairo hukaa sebuleni na Hellen hukaa chumbani, mlango wazi kidogo. Yeye humwambia Jairo, Jairo huniambia mimi. Jairo anajua miche ya parachichi kuliko mtu yeyote hapo Kinyala, lakini mambo haya huyabeba kama mtu aliyebeba yai la mwenzake.

Mwezi wa kwanza niliuliza kazi yangu anaionaje. Nikasikia maelezo marefu kutoka chumbani, kisha Jairo akasema kwa kifupi, "Anasema ni nzuri sana, baba." Nikafurahi, nikaanza kuiandaa kwa ajili ya mkutano wa wanafizikia utakaofanyika Dar es Salaam mwezi wa nane.

Juma lililopita nikamshukuru Hellen kwa maneno yale. Chumbani kukalipuka: "Jairo! Hayo ndiyo niliyokutuma?"

"Mama Lusungu, nitamwambiaje baba yangu kwamba amekosea?"

"Mwambie hesabu ndiyo imekosea, yeye hajakosea!"

"Basi njoo umwambie wewe."

Hakutoka chumbani, dada. Jambo hilo lilinichoma, maana nilijua ni heshima yangu iliyomfunga mdomo.

Kisha akaanza kumsomea Jairo neno kwa neno, naye akarudia kama anayetoa matangazo kanisani. Hellen alisema lile shimo dogo nililoliweka katikati kama ngazi haliwezi kusimama. Ukiliongezea joto, linapoa na kunyonya zaidi. Ukilinyima, linawaka hadi liishe. Kwa hiyo ngazi haipo, na hali lazima iruke. Nilirudia hesabu yote nikaona kweli haipandi polepole, inaruka. Nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha, kwa sababu jibu lake ni zuri kuliko langu.

Siidharau mila yetu. Namkumbuka mama akiingia katikati ya mibuni babu alipopita njiani, na najua ilikuwa heshima, si woga mtupu. Lakini safari hii heshima hiyo nusura inisimamishe mbele ya watu nikisema lisilo kweli, huku mtu wa nyumbani kwangu akijua.

Sasa nikwambie nililolifanya kabla ya kukuuliza. Nimewaandikia wenye mkutano kwamba jina la Hellen litangulie langu, na kwamba atakayesimama kuisoma kazi hii ni yeye. Mimi nitakaa mstari wa mbele, uso wangu kwa wake. Hellen amejibu, kwa kinywa cha Jairo, kwamba shangazi akimruhusu atakwenda, na asipomruhusu hatakwenda, hata nikimsihi vipi.

Nakuomba, dada. Nikifika mwezi wa saba, mshike mkono Hellen umtoe chumbani, umketishe mbele yangu, useme mbele ya ukoo kwamba amefunguliwa mwiko huu. Zawadi ya kumfungulia utaipanga wewe, nami nitaitoa. Ukikataa sitakulaumu, lakini mimi sitasimama badala yake. Kazi hiyo itabaki bila kusomwa. Hata hivyo nakufahamu, dada, na tiketi nimeshakata.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mjukuu wangu Lusungu mbusu kwa niaba yangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisoma hadi hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Amoni