Pointi Moja ya Aliyekosa

Mjukuu wangu Daudi,

Sisi huku mtaani kwetu Malvern tu wazima. Magoti ya bibi yako yanagombana na ngazi, lakini cherehani yake haijanyamaza. Jules Street nzima inataka sare za shule.

Umeniuliza kama huo mpira wenu wa Australia, ule wenye umbo la yai, kweli ni mchezo bora, maana Jumamosi ulikosa goli, timu ikafungwa, na sasa unataka kuuacha. Mama yako alinitumia video. Eish, fujo tupu! Kisha akanieleza ile milingoti minne: ukipitisha katikati, pointi sita, ukikosa kidogo, ukapitisha pembeni, bado unapewa moja. Hapo nikaweka simu chini.

Nikiwa kijana, kule nyumbani Kalemie, nilipiga penalti ya mwisho katika fainali ya mtaa. Mpira ulipita kando ya mlingoti, ukaangukia beseni la binti aliyekuwa akiuza karanga nyuma ya goli. Wenzangu waliondoka bila kuniaga. Nilichutama nikiokota karanga mchangani, machozi yakinitoka. Yule binti akachutama pia, tukaokota sote.

Kwetu aliyekosa alipata sifuri. Kwa hiyo mchezo unaomhesabia chochote mimi siwezi kuusema vibaya.

Bibi yako amechungulia begani kwangu, amesoma mpaka hapa. Anacheka. Anasema nikuandikie kwamba siku ile, kwenye beseni lake, nilifunga sita.

Ni mimi, babu yako.