Kadena Haimo Katika Kitabu

Baba Furaha,

Usishituke kuona mwandiko huu. Ni mimi, bibi yako, mama ya Furaha. Biki nimeishika mwenyewe, na kama herufi zingine zimelala chini kama walevi, uzisamehe.

Hapa Bigo tuko wazima. Randa yako mukwe wetu ndiye anaitumia. Viti anavyotengeneza vinayumba, lakini tunavikalia kwa heshima.

Tangu tulipokuzika, kilichoniuma zaidi ni saa kumi na mbili ya asubuhi. Miaka yote ile ulikohoa mara mbili, ukafungua kitabu cha ibada, ukanisomea ukurasa wa siku. Kitabu kilikuwa kile kile, ukurasa mumoja kwa kila siku. Mwaka ukiisha, unarudi mwanzo. Ulipoondoka kikabaki juu ya meza. Nilikifungua, nikaangalia herufi kama mutu anayeangalia siafu: naona zinatembea, sijui zinaenda wapi.

Basi nikaingia kalasi ya wamama kule kanisani. Mwalimu ni mudogo kuliko kitinda mimba wetu, na ananigombeza: "Mama, soma tena!" Nilisoma tena mpaka siku ya Mungu moja wakanisimamisha mbele ya kanisa lote. Andiko lilisema mupanzi alitoka kwenda kupanda mbegu. Mimi nikasoma kwa sauti: "Mupanzi alitoka kwenda kupanda mbuzi."

Wakacheka kidogo. Nikafikiri wanafurahia neno la Mungu, nikaendelea. Mbuzi wengine wakaanguka kando ya njia, ndege wakaja wakawala. Wengine wakaanguka kwenye miiba. Kwaya nzima walikuwa wameegemeana, na pasta amefunika uso kwa kitambaa cha meza ya Bwana. Lakini nilimaliza, Baba Furaha. Nilifika mpaka mbuzi walipozaa mara mia.

Sasa nije kwa neno lililonifanya nikuandikie.

Asubuhi moja nilisoma ukurasa mzima peke yangu. Ulikuwa ule wa kuchunga ulimi, ambao niliukumbuka vizuri, kwa sababu kila mwaka uliusoma ukiniangalia: "Mwanamuke anayebishana juu ya chumvi anachelewesha maombi yake mwenyewe." Nikatafuta chumvi. Haiko. Nikageuza ukurasa, haiko. Nikamuita Furaha, alikuwa anachekecha unga.

"Chumvi iko wapi?"

Akaangalia kitabu, akaniangalia mimi, akakaa chini na kucheka mpaka unga ukamujaa usoni. "Mama! Papa alikuwa anaongeza. Siye wote tulijua."

Siye wote! Miaka mingapi nilimutii Mungu juu ya chumvi, juu ya kukoroma, juu ya kumupokea dada yako kwa furaha, na Mungu hakuwa amesema kitu! Nikakitupa kitabu nyuma ya gunia la muhogo. Siku tatu sikuomba. Siku ya nne niliomba kidogo, kwa kukushitaki.

Nilipomaliza kukushitaki, woga ukanishika. Nilikumbuka kadena, ile kufuli ya mulango.

Unakumbuka tulivyokimbia vita kutoka upande wa Nizi, tukalala jamaa saba na watoto wao katika kalasi moja ya shule. Asubuhi ya kwanza watoto wanakohoa, mimi nimegeukia ukuta, sitaki kuamuka. Ukatoa kitabu ndani ya shati, ukasoma: "Mutalala tena katika nyumba yenu wenyewe. Mulango utakuwa na kadena, na ufunguo utashikwa na mama." Neno lile ndilo lilinisimamisha. Majira yote yale nilijiambia: Mungu ametaja kadena, na Mungu hachezi na vitu vya chuma.

Na hilo nalo, Baba Furaha? Na hilo nalo ulinidanganya?

Sikujua lilikuwa la tarehe gani. Basi nikatoa kitabu nyuma ya gunia, nikaanza ukurasa wa kwanza. Ukurasa mumoja kila asubuhi. Macho yangu hayawezi zaidi. Mwaka mzima nilitafuta kadena.

Kulikuwa na ukurasa wa kusamehe. Niliusoma, nikaenda kumusalimia yule jirani mwenye bata, ambaye tulikuwa hatusemeshani. Bata wake wanaingia bado katika mboga zangu, lakini sasa wanaingia kwa amani. Kulikuwa na ukurasa wa woga. Maneno yake yalikuwa magumu, nikausoma mara nne, na nilipoweza kuusoma vizuri ulikuwa umeshaingia ndani yangu. Kidogo kidogo nikaanza kuamuka bila kulia. Asubuhi zingine nilifika mwisho wa ukurasa nikakumbuka kwamba nimesahau kuitafuta kadena.

Nilimaliza kitabu. Haimo.

Nikaenda kwa pasta. Nikamuuliza kama mutu anayeongeza maneno katika kitabu cha ibada ataingia mbinguni. Akakohoa, akaangalia mulango. "Mama, unafikiri mahubiri ni nini?"

Nilicheka njiani peke yangu mpaka mutu wa motopikipiki akasimama kuuliza kama niko mugonjwa. Halafu nikakumbuka siku tulipohamia nyumba hii. Ulirudi kutoka soko na kadena mupya, ukaifunga mulangoni, ukanipa ufunguo. Nikapiga magoti nikasema, "Mungu ametimiza!" Weye ukaenda kutafuta nyundo ambayo hukuihitaji.

Nilikusamehe palepale barabarani. Ya chumvi bado.

Juzi Furaha aliniletea kitabu kingine, na leo nimeanza ukurasa wa kwanza. Huu hukuwahi kuusoma. Nimengojea ukohoe, hukukohoa. Nikausoma mwenyewe kwa sauti mpaka mwisho, halafu nikaomba kwa maneno yangu, marefu, hakuna mutu aliyenikopesha. Niliposema Amina, chai ilikuwa imepoa, nikainywa hivyo hivyo.

Nakuahidi: nitasoma kila asubuhi mpaka siku nitakapoitwa. Jirani wa bata ameomba kuja kusikiliza, na yeye hajui kusoma. Nitamusomea kilichoandikwa tu. Nitajikaza.

Pumzika, Baba Furaha. Huko uliko, Mungu akianza kukusomea maneno yake, kaa kimya usikilize.

Mimi bibi yako,
Elizabeti