Kile Kiti Tulichokukalisha, Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitika, ila ulinilea hivyo, na kuanza maneno na wewe bila shikamoo mdomo wangu unakataa.

Nilitaka nikuandikie nikiwa nimekaa kwenye kile kiti chako, lakini Mama yumo na hapokonyeki. Kwa hiyo nimekaa ngazini hapa hapa nyumbani Itetemia, karatasi juu ya goti, na mwandiko ukikushinda ujue ni goti.

Unakikumbuka kile kiti. Mimi na dada Veronika tulikileta ulipotimiza miaka sabini. Mninga mtupu, mto mnene, kina chake kama mtumbwi. Ukikaa, magoti yanapanda kuelekea kidevuni. Tukakiweka barazani tukajisifu. Mama alikizunguka mara mbili, akauliza, "Kizuri. Sasa atatokaje humo?" Tukacheka. Tulikuwa watu wa kucheka sana siku zile.

Kuanzia hapo hukunyanyua hata kikombe. Ukitaka maji, tunakimbia. Ukitaka redio, tunaileta. Ukishika tu mikono ya kiti, mmoja wetu anaruka: "Baba, kaa, usihangaike. Unatafuta nini?" Siku moja ulinijibu, kwa sauti ya chini, "Natafuta kusimama." Nikadhani ni utani. Nikakuwekea mto mgongoni, nikakurudisha.

Mwaka ulipokwisha ulikuwa unatembea kwa kushika ukuta. Uliofuata, tunakuinua watu wawili. Daktari alikupima akasema hana ugonjwa wa kukupa. Majirani wakatusifia, watoto wenye heshima hawa. Ni kweli, Baba. Tulikuheshimu mpaka ukashindwa kutembea.

Na ulikuwa nani wewe, kama si miguu? Nilipokuwa na miaka minane ulinichukua likizo moja kwenda kukagua njia ya reli, upande wa kuelekea Kigoma. Wewe na nyundo yako ndefu begani, mimi na kibuyu cha maji nilichokinywa chote kabla hatujafika popote. Uliniambia wapagazi wa misafara walipita huko huko, wao na pembe za ndovu, wewe na nyundo, na kwamba hakuna hata mmoja aliyelalamika kama mimi. Nilitaka kukushika mkono. Ukakataa. "Tembea nyuma yangu," ulisema, "nikusikie." Nikisimama kutoa kokoto kiatuni, wewe nawe unasimama kule mbele, hugeuki, unasubiri hatua zangu zianze tena. Sikuwahi kujisikia salama kama siku ile, na hukunigusa.

Sasa nikupe habari za nyumbani tangu tukuzike.

Mwanzoni mwa masika Mama alianguka alfajiri, kwenye kizingiti cha bafu la nje, beseni mkononi. Hakuvunjika. Kiganja kilivimba na beseni likapasuka, na hadi leo analisikitikia beseni. Veronika akafika kutoka Dar na uamuzi wake tayari.

"Mama anakuja kwangu. Ni ghorofa ya tatu, lakini hatakuwa na haja ya kushuka."

Alilisema hilo kama habari njema. Mama akauliza, "Nitafanya nini huko?"

"Utapumzika, Mama."

Mama aligeukia barazani. Alikitazama kiti chako. Alikitazama muda mrefu, Baba, na mimi nikamwona.

Nikasema, "Dada, nipe miezi mitatu. Akianguka tena, au nikishindwa, mchukue, sitakupinga."

"Wewe? Wewe uliyejenga banda likaua kuku?"

Haki yake. Kuku walikuwa wawili.

Nikaenda hospitali kumtafuta dada wa mazoezi ya viungo, akakubali kuja. Hakupima kitu. Alimwambia Mama atoke kitandani aende chooni kama kawaida yake, yeye akamfuata nyuma na kipande cha chaki. Kila Mama alipoweka mkono, akatia alama: fremu ya mlango, pipa la maji, ukuta wa jiko, na kamba ya nguo. Kamba ya nguo, Baba. Mama yetu alikuwa anavuka uwanja kwa kushikilia kanga zinazokauka, na sisi hatujui.

"Mwili wake umeshaonyesha njia," akasema. "Nyie wekeni vitu vya kushika visivyoondoka. Na mwacheni afanye kazi zake."

Nikanunua bomba la chuma mjini, nikachimba mashimo, nikasimamisha reli ya kushikia kutoka mlango wa nyuma hadi chooni. Ili nimwonyeshe Mama ilivyo imara, nikaiegemea. Tukaenda nayo, mimi na reli, mpaka kwenye matuta ya viazi. Mama alisimama mlangoni akinitazama.

"Mwangaluka, baba," akanisalimia, kama watu wanavyoamshana asubuhi. "Umelalaje huko?" Kisha akaingia ndani, na kutoka huko nikasikia, "Baba yako angeweka zege."

Nikaweka zege.

Kizingiti nilikivunja nikatengeneza mteremko mkavu usioteleza, na mwingine kando ya ngazi za barazani. Mikeka ya sebuleni nikaikunja, ilikuwa inamkamata vidole. Sufuria zikashuka kutoka juu ya kabati zikakaa usawa wa kiuno. Nikafunga taa ya sola njiani. Mkongojo aliukataa katakata, eti ni wa wazee, naye ana sabini na nane. Lakini mwavuli anaupenda. Nikaushonea mpira wa tairi kwenye ncha, na sasa anatembea na mwavuli hata kukiwa na jua kali, na hakuna anayeuliza.

Halafu kiti chako. Nilitaka kukichoma. Mama akasema kiti hakina kosa, kosa ni kimo chake. Nikakiinua kwa magogo manne ya mninga, nikatoa ule mto mnene nikaweka mwembamba. Kila asubuhi anasimama humo na kukaa, mara kumi. Wiki ya kwanza mara tatu zilimtoa jasho. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akaupiga kwa mwavuli.

"Mkono wako huo ndio utakaoniangusha."

Ni kazi ngumu kuliko zege, Baba, kukaa na mikono yako mapajani huku mama yako anahangaika mbele yako.

Mwezi wa pili aliteleza karibu na pipa. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nikaganda. Akashika reli, akaning'inia kidogo, akasimama. "Usimwambie dada yako," akasema. Nikampigia simu, nikamwambia.

"Alishika nini?"

"Reli."

"Ile uliyoanguka nayo?"

"Ya pili."

Jumamosi iliyopita miezi mitatu ilitimia, na Veronika akaja na sanduku tupu la kubebea nguo za Mama. Aliposhuka kwenye bajaji, Mama alikuwa barazani. Akashika mikono ya kiti, akasimama. Akachukua mwavuli, akashuka mteremko, akaenda mpaka getini kumpokea mwanawe. Veronika alidondosha sanduku, akamkimbilia mikono mbele: "Mama, kaa, usihangaike."

Nikamshika kiwiko.

"Tembea nyuma yake," nikamwambia. "Akusikie."

Alinigeukia. Alijua maneno hayo ni ya nani, maana naye aliwahi kupelekwa relini. Mama alikuwa ameshageuka kurudi ndani kuweka chai jikoni. Tukamfuata, watoto wawili wenye mvi, hatua tatu nyuma. Katikati ya uwanja Veronika alisimama kufuta macho, nami nikasimama naye.

Kule mbele Mama akasimama. Hakugeuka.

"Mbona siwasikii?"

Sanduku limerudi Dar likiwa tupu.

Miguu yako siwezi kukurudishia, Baba. Ya Mama sitaichukua, na hata akifikia siku ya kuhitaji watu wawili, nitamuuliza kwanza anatafuta nini, na nitalisikiliza jibu. Nisamehe ule mto niliokuwekea mgongoni.

Barua kama hii huishia kwa kumwambia mtu apumzike. Mimi sikuambii hivyo, tulikupumzisha vya kutosha. Tembea, Baba.

Mwanao wa pili,
yule aliyemaliza maji ya kibuyu