Kivuli cha Kifaru cha Bati

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho kwa sababu hapa sina wa kumwambia, mimi ni mtu wa Taita, shule niliiacha darasa la tatu, sasa ni kibarua huku Garissa katika vita hivi vya shifta, waasi wa mpakani mwa Somalia, na kazi tuliyopewa ni kujenga kifaru cha uongo kwa mapipa na mabati katikati ya uwanda mtupu, ili ndege ikitumie kujaribia roketi mpya za kutoboa vifaru, maana wakubwa wanaogopa siku moja vifaru vya kweli vitavuka mpaka. Mwanzoni roketi zilikwenda kombo zikapiga mchanga tu, tukawa tunacheka, lakini mafundi kila mara wanazibadilishia mapezi na kuzirudisha, na ile ya mwisho ilipasua pipa la pembeni kama papai, tangu hapo sicheki.

Shida ni kivuli. Huko hakuna mti, na Hawo, mama anayetuuzia maziwa ya ngamia, amegundua kuwa chini ya mabati yetu kuna ubaridi, siku hizi adhuhuri hulala hapo na mkaza mwanawe Shamso na mtoto mchanga, hata mkeka wameuacha hukohuko. Milio wanaisikia, lakini milio hapa ni ya kila siku. Askari huwafukuza watu asubuhi ya majaribio kisha huenda zao, na hao hurudi kivulini, na rubani aliye juu hamwoni mtu chini ya bati. Juzi Hawo aliniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Wallahi Mwakio, leo serikali yenu imetukumbuka, imetujengea kifuli!" Akacheka, akanijazia kikombe.

Ndege imepelekwa kurekebishwa, itarudi baada ya Idi. Tumekatazwa kutoa siri. Nilipoanza kumweleza nyapara alinikata, "Piga domo, utakuwa shifta wa kwanza kutoka Taita." Mwenzetu mmoja alichukuliwa kwa maneno tu, hatujamwona tena. Nina watoto. Nifanye nini?

Mwakio

Ndugu Mwakio,

Barua yako sitaichapa gazetini. Nakujibu kwa bahasha; soma, kisha choma.

Hofu yako naielewa, wala si aibu. Lakini nakugombeza: umepata nguvu ya kuniandikia mimi niliye Mombasa, usiyenijua, na mama anayekumiminia maziwa unamtazama tu?

Siri ya roketi waachie wenyewe. Kumwambia mtu "ondoka, hapa ni mahali pa serikali" si siri, ndiyo amri ya askari hao hao. Mwambie kesho, kwa sauti, mbele ya wenzako, na ndege usiitaje. Kisha kata miiba, ile wanayozungushia boma la mbuzi, uisindilie chini ya mabati mpaka hata kuku akose pa kukaa. Nyapara akiuliza, sema unazuia watu wasichezee mali ya serikali. Atakusifu. Usingoje Idi.

Hawo atakasirika. Atasema una choyo hata cha kivuli, na huenda akakunyima maziwa. Usijitetee. Kunywa chai kavu, umwache akutukane akiwa hai.