Maji ya Moto Yanapita kwenye Mita Yangu

Mpendwa Bi Mwanasiti,

Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, na naomba usihangaike kutafuta sisi ni nani, majina yote nimeyabadilisha, maana hapa Cibitoke ukikohoa avenue ya tano watu wa avenue ya nane wanakuuliza kama umepona, na mwenye nyumba wangu gazeti hili analisoma kila Jumamosi barazani kwake, tena kwa sauti.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na minane, nashona uniforme za shule, mashine yangu ni ya kukanyaga kwa miguu na pasi yangu ni ya makaa, nayasema haya mapema ili ujue kwamba kwangu umeme hauna kazi kubwa, ni taa tatu, redio na simu, basi. Miaka minne iliyopita mume aliponiacha nilizunguka mji mzima na godoro langu kichwani, kila mwenye nyumba anataka caution, dhamana ya kodi, ya miezi mitatu, na ni Haji Sleiman peke yake aliyenipokea, akanipa nyumba ndogo ya uani kwake, akachukua caution ya mwezi mmoja tu, akasema hiyo mingine tumwachie Mungu, na tangu siku hiyo kila Ijumaa sahani ya pilau inatoka kwake inakuja kwangu imefunikwa kitambaa, na anayeamuru ije ni mama yake mzazi, Bi Nafisa, ambaye ananiita mwanangu, na mimi mama sina.

Sasa baada ya Ramadhani ya mwaka jana Bi Nafisa akapata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, wakamjengea bafu karibu na chumba chake, ukuta wa bafu hilo umegusana na ukuta wangu, na kwa kuwa maji ya baridi hayawezi tena, hata kwenye joto hili letu la Bujumbura, wakamtundikia kifaa cha umeme kinachopasha maji papo hapo yanapopita bombani, chauffe-eau, apate maji ya moto ya kuoga na ya kutawadha kwa sala zote tano, nami nilifurahi, nilikwenda kumpa pole ya ugonjwa na hongera ya bafu kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo umeme wangu ulipoanza kuisha. Tunatumia kashpawa, unanunua namba, unaziingiza kwenye mita yako, zikiisha unakaa gizani, na elfu kumi iliyokuwa inanifikisha mwisho wa mwezi ikawa ya siku kumi na mbili, kisha kumi, kisha nane, nikasema kikulacho ki nguoni mwako, nikaanza kukagua watu wa ndani. Watu wa ndani ni mmoja, Bella, mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka kumi na minane, alikuwa anajiandaa kwa examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Nilimwambia anakesha na taa anakula umeme wangu, nikaitoa balbu ya chumba chake nikaifungia kwenye droo ya mashine, akaniambia, “Mama mudogo, mi siachaka taa allumé, nakuapia,” nikamwambia asiniapie, na umeme ulipoendelea kuisha nikamrudisha kwa bibi yake Buterere, ilikuwa mwezi wa nne.

Alivyoondoka, umeme ukaisha kwa siku nane vilevile. Nikasema basi mita ni mbovu.

Na jambo jingine, Bi Mwanasiti, kila nikikosa umeme haipiti nusu saa utamwona Basma, mke wa Haji, yuko mlangoni kwangu, “Jirani, courant iko kwenu? Bado haujanunua?” na mimi nilikuwa najiambia tazama mke wa tajiri anavyonihurumia, nikawa namwombea dua. Mpaka Alhamisi moja saa nne asubuhi, akaja Tajudini fundi umeme kunitengenezea soketi, akazima disjoncteur, swichi kuu ya umeme wangu, na kabla hajatoa bisibisi mfukoni Basma huyo hapo, mikono ina povu la sabuni, “Jirani, courant imeisha tena? Bibi iko mu bafu, maji imekuwa baridi!” Basma akarudi bafuni, Tajudini akanitazama. Akawasha, akazima, akawasha tena, kila akizima tunasikia Basma analalamika upande wa pili. Kisha akapanda kwenye stuli akanionyesha waya mweusi unaotoka kwenye mita yangu, unapita chini ya bati, unaingia ukutani kwa Haji.

Nilimwendea Haji baada ya sala ya Alasiri, peke yangu, kwa maneno laini, nikasema Haji samahani, labda fundi wenu alikosea. Akanijibu bila kuinua macho, “Binti, ile maji ni ya udhu ya mama mugonjwa. We unakuja kunihesabia maji ya udhu? Mi nilikuhesabia ile miezi mbili ya caution?” Akazungusha tasbihi yake kidogo, akasema, “Kama nyumba imekuchosha, sema tu. Iko watu wengi wanaitaka.” Na unajua nilijibu nini? Nilisema, “Apana, Haji, nisamehe.” Mimi ndiye niliyeomba msamaha.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Tajudini ananiambia, “Mi naikata dakika tano tu, hakuna mutu atajua,” na kuna siku nakubali, lakini juzi umeme uliisha nami sikuwa na kitu mkononi, nikamsikia Bi Nafisa ng'ambo ya ukuta wakimmwagia maji ya baridi, meno yanagongana, na bado anasema alhamdulillah, alhamdulillah, nikaziba masikio. Yeye hajui lolote. Ijumaa pilau ilikuja kama kawaida, nikaifunika tena kwa kitambaa chake. Nikihama nitahamia wapi kwa caution ya siku hizi, nikikata namuumiza mgonjwa anayenipenda, nikinyamaza nitashona maisha yangu yote kwa ajili ya kupasha maji ya watu wengine. Bella hajui kama nimegundua, huko Buterere mvua ikinyesha maji ya mashamba ya mpunga yanaingia mpaka ndani, ila la Bella nitalitazama baadaye, hili la nyumba ndilo linaloniua.

Nishauri, mama.

Mpangaji, Cibitoke


Mpangaji wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia Haji. Mara ya pili nilikukasirikia wewe, na hasira hiyo ya pili bado ninayo, kwa hiyo vumilia.

Tuanze na Haji, maana ndiye mwepesi. Mimi mwenyewe ni mwenye nyumba, nina vyumba viwili vya kupangisha kule Kajaga, usidhani nawasema wenzangu kwa wivu. Haji alikutendea wema siku ile, na ni wema wa kweli, usije ukaufuta kwa sababu ya waya. Lakini waliosema tenda wema waliongeza nenda zako. Haji hakwenda zake, alibaki uani anachovya. Fadhila ikidaiwa mlangoni inadaiwa kwa jina lake, haivutwi kimyakimya chini ya bati. Angekuja akakuambia binti, mama anaumwa, mita yangu imelemewa, nisaidie, ungekubali siku hiyohiyo na ungeona ni heshima. Yeye hakukuomba. Alichukua, na ulipouliza akajificha nyuma ya udhu wa mama yake.

Mimi si shehe, usinipeleke kwenye fatwa. Ila hata mtoto wa madrasa anajua kwamba kitu cha mtu huombwa. Bi Nafisa hana kosa, yeye anafungua bomba na kumshukuru Mola wake. Kosa ni la aliye mzima.

Sasa sikiliza la kufanya. Tajudini asiguse waya. Kwanza, umeme unaua, na kazi ya kificho huwa haina ustadi. Pili, ukikata kwa siri utakuwa umejibu siri kwa siri, na atakayepata baridi ni yule aliyekupa pilau. Nenda tena kwa Haji, lakini safari hii usiende peke yako na usiende na samahani. Nenda asubuhi, na Tajudini, na mtu mzima mmoja ambaye Haji hawezi kumwinulia sauti, awe imamu au nyumbakumi wenu. Tajudini azime disjoncteur yako mbele yao, Haji mwenyewe afungue bomba la mama yake na kuliwekea mkono. Hapo hakutakuwa na maneno mengi. Mwambie maji ya Bi Nafisa yasikatike hata siku moja, ila waya uhamie kwenye mita ya mwanawe, na mpaka waya huo utakapohama, nusu ya kashpawa alipe yeye Haji kila unaponunua. Muandike kwenye karatasi, na shahidi atie sahihi. Vile vikaratasi vya namba ulizonunua umevitupa? Kama unavyo, viweke pamoja. Akikutajia tena wale watu wengi wanaoitaka nyumba, mjibu kwa adabu kwamba umesikia, kisha pitia ofisi ya mtaa, ya quartier, uulize mpangaji hupewa muda gani kabla ya kutolewa. Kuuliza hakufukuzishi mtu. Mwenye nyumba anayejua kuwa umeuliza hupunguza ukali, nakuambia hili kutoka upande wangu wa ukuta.

Na ya miezi iliyopita? Hiyo ni hiari yako. Ningekuwa mimi, sehemu ya Bi Nafisa ningemsamehe na ya mwanawe ningemdai.

Haya. Haji nimemmaliza, sasa nije kwako.

Uliniandikia kurasa nne, mwanangu. Waya una kurasa, caution ina kurasa, pilau mpaka kitambaa chake umekieleza. Bella umempa mistari michache, ukamfunga na neno baadaye. Mtoto wa dada yako, yatima, mwaka wa mtihani, ulimtolea taa chumbani, ukamfanya mwizi wa umeme, ukampeleka anakolala akisikiliza maji yanavyopanda. Alikuapia, hukumsikiliza. Alipoondoka umeme ukaisha vilevile, hukusikiliza hata hapo, ukaisingizia mita. Ulisema kikulacho ki nguoni mwako, kweli nguo ulizipekua, lakini za mtoto peke yake, kwa sababu ndiye asiyeweza kukufukuza.

Na sasa ni wiki tatu unajua ukweli. Wiki tatu! Buterere kutoka Cibitoke si safari ya kufunga mizigo. Mbona hujaenda? Nitakuambia mimi. Unaona aibu. Tumelelewa hivyo sote, mkubwa haombi msamaha kwa mdogo, akikosea humnunulia soda, mambo yakaisha. Haji naye amelelewa hivyo hivyo. Hawezi kusema nimekosa mbele ya mpangaji wake, wewe huwezi kusema nimekosa mbele ya mtoto wako, kisha unaniuliza Haji ana moyo gani. Ana moyo kama wako. Wote wawili mlimchagua aliye chini yenu alipe.

Sikusemi ili ulie. Najua mwanamke aliyezunguka na godoro kichwani huwa anaogopa nyumba kuliko anavyoogopa Mungu, na hofu hiyo humfanya mtu awe mkali kwa wa ndani na mpole kwa wa nje. Nilikuwa hivyo mimi pia, na binti niliyemfanyia ukali huo leo ana watoto wake, ananisalimia vizuri sana, kama anavyowasalimia wageni. Kwa hiyo sikubahatishii.

Nenda Buterere kabla hujaenda kwa Haji. Usimtume mtu, usipige simu, wala usibebe soda. Mwambie mbele ya bibi yake, kwa sababu aibu ulimpa mbele yake ulipomrudisha: nilikusingizia, hukuiba, niliyekosa ni mimi. Maneno yenyewe unayajua, ni yale unayotamani kuyasikia kutoka kwa Haji. Mtihani kama umempita, ulizia shuleni namna ya kuurudia, na hela utakayookoa kwenye kashpawa ina kazi yake hapo. Akikataa kurudi siku hiyo, usimlazimishe. Rudi wiki inayofuata, na inayofuata.

Akikubali, muingie naye nyumbani kabla ya magharibi, kungali na mwanga. Fungua droo ya mashine, toa balbu ile kwenye nyuzi zako, ipanguse vumbi. Usimpe yeye aifunge. Panda wewe kwenye stuli, uifunge kwa mkono ulioitoa, naye awe amesimama hapo anakutazama.

Bi Mwanasiti