Dumu la Dawa ya Majani

Mpendwa Mama Redempta, shikamoo, naomba msaada kwa sababu jambo hili nimeshindwa kulisema nyumbani. Baba yangu ni kibarua wa barabara, hupulizia dawa ya kuua majani kandokando ya barabara hapa Nangara, na mwezi uliopita mtungi wetu wa maji ulipasuka na dukani madumu hakuna, basi baba akaomba dumu tupu la dawa kazini, akaingia nalo akisema, "Mama Hilaria, huu ndio mtungi usiopasuka," mama akacheka, na siku nyingi sikuwa nimemwona akicheka, nami nikaliosha kwa mchanga na majivu, kisha bibi akalifukiza moshi kama tunavyofukiza vibuyu vya maziwa, akanusa, akasema, "Limekuwa safi, hata mgeni anywe." Lakini Jumatatu mwalimu wetu wa sayansi alisema sumu hubaki ndani ya dumu hata harufu ikiisha, na mdogo wangu Kandida, mwenye miaka miwili, hunywa maji hayo kila siku, mimi ndiye ninayempa kikombe, na nikisema nitamwaibisha baba, aliyetuletea kwa upendo. Nifanyeje?

Hilaria, darasa la saba, Babati

Marahaba, mwanangu. Jibu hili nimelitanguliza kwa posta, kwa sababu Kandida hawezi kungoja litoke gazetini. Mwalimu wako amesema kweli. Nawe tangu Jumatatu umempa mtoto kikombe ukijua. Kwa hilo nakugombeza, kisha yaishe.

Maji hayo yamwageni shimoni, mbali na kisima na mifugo. Tumieni sufuria kuwekea maji mpaka mpate mtungi mwingine. Wewe na mama mpelekeni Kandida zahanati, mkalitaje jina la dawa iliyokuwa dumuni. Bibi mwambie kwa heshima kwamba moshi wake unafaa maziwa, ila sumu hii hauiwezi.

Baba usimfiche. Sema hivi: "Baba, dumu nililiosha mimi, na nimejifunza kwamba halioshiki likafaa kwa maji ya kunywa." Alirudishe kazini. Huko madumu yasuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba la kupulizia, kisha madumu yatobolewe, mzazi mwingine asije akabeba moja kwenda nalo kwake. Naye baba akitoka kazini aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Huenda ataona aibu. Usikimbilie nje. Mpe kiti, kaa karibu naye, umwache amshike Kandida.